Pindo la Bati

Ndoo ya bati ikivuja, watu hulaumu lehemu. Mimi hulitazama pindo kwanza. Lehemu kazi yake ni kuziba. Kinachoshika ni namna kitako kilivyokunjwa kwenye ubavu wa ndoo, na kwa kazi hiyo mafundi bati wa Mpanda wanastahili sifa ambazo hatuwapi.

Mdomo wa chini wa ndoo hugongwa mpaka utokeze nje kidogo, pande zote. Kitako hukatwa kikubwa zaidi, kwa upana wa pindo, kisha ukingo wake hukunjwa juu ya mdomo ule na kubanwa. Fuawe ni kipande cha reli. Fundi hugonga kidogo, akazungusha, akapitisha kidole gumba, akagonga tena. Pindo likilegea, maji yatapita. Likibanwa kupita kiasi, zinki iliyolifunika bati hupasuka kwenye kona na kutu huanzia hapo hapo. Tena bati lililogongwa sana hukakamaa, likakatika. Geji 30 ni nyembamba, hutii upesi na kuchanika upesi. Geji 28 hudai pindo pana na mkono wenye subira. Kipimo cha mwisho ni sikio: pindo lililolegea huchakacha, lililoshikana hutoa mlio mmoja mzito.

Koroboi ni mtihani mkali kuliko ndoo, kwani mafuta ya taa hupenya hata pale maji yanaposhindwa.

Nalisema hili Mpanda, mji uliokuzwa na madini ya risasi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilijengwa reli ya kilomita 210 hivi kutoka Kaliua kwa ajili ya mgodi wa madini hayo. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327, madini ya bati kwa 232. Yakichanganywa kwa kiasi chake kuwa lehemu, huyeyuka kwa 183 tu, ndiyo maana jiko la mkaa linatosha kumpashia fundi chuma chake cha kulehemu. Lakini risasi ni sumu, na haifai kabisa kugusa maji ya kunywa, hasa ya watoto. Ndoo ya maji iliyojaa lehemu ndani ni ndoo ya fundi aliyekimbia kazi ya pindo.

Sokoni mimi huigeuza ndoo juu chini kabla ya kuuliza lolote. Nikiona mabonge ya lehemu, naiweka chini. Nikiona pindo lenye upana mmoja mzunguko mzima, bei atakayotaja fundi nailipa yote.