Baruti Nyeusi Ndani ya Winchester: Nimeionja, Sitaki Nyingine

Moshi! Hakuna aliyenitayarisha kwa habari ya moshi. Nilishasoma juu ya kishindo, juu ya bunduki kupiga teke begani, hata juu ya bei. Lakini risasi ya .44-40 iliyojazwa baruti nyeusi ikitoka kwenye mtutu wa Winchester ya 1873, mbele yako panasimama wingu jeupe, zito, linaloifunika shabaha yote, na harufu ya kiberiti inakujaa puani. Kabla macho hayajapenya unasikia chuma kikilia kule mbele. Umepata! Shabaha umeipata na bado huioni!

Mimi ni mtu wa Buyenzi, hapa Bujumbura, na kwetu raia hashiki bunduki kwa mchezo. Nchi iliyopitia vita kama yetu ina sababu zake, nami naziheshimu kwa moyo wote. Haya nimeyakuta Marekani, kwa shemeji yangu anayeishi Arizona, ambako watu wazima huvaa kofia pana na viatu vya kikauboi, hujipa majina ya enzi zile, na kushindana kulenga shabaha kwa silaha za karne ya 19 au nakala zake. Chama chao kikubwa, Single Action Shooting Society, kilianzishwa 1987. Wengi wao hawanunui risasi dukani, wanajaza wenyewe. Ganda lililokwisha kupigwa linasafishwa, linatiwa fataki mpya, kisha baruti, kisha kichwa cha risasi kinakandamizwa juu. Hapo kwenye baruti ndipo roho yangu ilipobaki.

Shemeji aliniwekea mezani visahani vitatu. Cha kwanza kilikuwa na baruti ya kisasa isiyo na moshi, vibapa vidogo vya kijivu. Cha pili kilikuwa na Trail Boss, baruti iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya mchezo huu hasa: kila punje ni kiduara chenye tundu katikati. Cha tatu kilikuwa na baruti nyeusi yenyewe, ya shura, mkaa na salfa, chembe zenye kung'aa kama kahawa iliyosagwa kwa mashine ya mkono. Akashika ganda tupu la .44-40, akaniambia, "Shemeji, chungulia humu ndani. Usiulize baruti ipi ina nguvu. Uliza ipi inajaa."

Nikachungulia, na mambo yote yakafunguka! Ganda lile ni kubwa mno kwa kazi yake ya leo. Lilibuniwa 1873, na baruti isiyo na moshi haikuwepo mpaka Mfaransa Paul Vieille alipoitengeneza 1884. Waliolichora walikuwa wanapimia baruti nyeusi, greni 40, yaani kama gramu 2.6, nyuma ya kichwa cha greni 200. Ukitia humo baruti ya kisasa yenye nguvu, unahitaji kiasi kidogo kisichofika hata nusu ya ganda. Nafasi inayobaki ndiyo inayoleta balaa. Baruti ikilala mbele karibu na kichwa, risasi inatoka kwa mwendo mmoja. Ikilala nyuma karibu na fataki, mwendo mwingine. Na kubwa zaidi, mtu akipitiwa akatia kipimo mara mbili, ganda linapokea bila kulalamika, na bunduki inaweza kupasuka mikononi mwake.

Trail Boss ilibuniwa kuziba nafasi hiyo. Vile viduara vina hewa nyingi, vinajaza ganda bila kuongeza nguvu kupita kiasi, na ukizidisha unaona mara moja kwa sababu inamwagika. Akili kubwa hiyo, sitaki kuibeza. Shida ni kwamba miaka hii imekuwa adimu, na aliye nayo anaificha.

Lakini baruti nyeusi! Hiyo haihitaji hila. Inajaa mpaka pale kichwa kinapokaa, na kichwa kinaibana kidogo, kwa sababu nayo ina sharti lake: usiiachie hewa hata kidogo. Kipimo ni cha ujazo. Unamimina, unapangusa juu, unatia kwenye ganda. Nilipojaza la kwanza nikalitikisa sikioni, kimya kabisa. Na ole wake atakayejaza kipimo hichohicho kwa baruti ya kisasa. Bunduki itapasuka, nasi tutazungumza habari zake kwa wakati uliopita.

Watu wa Bujumbura tuna haki ya pekee ya kusisimkia jambo hili. Nenda Mugere, kilomita chache kusini mwa mji, kwenye jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 25, 1871. Miongoni mwa silaha za msafara wa Stanley ilikuwemo Winchester, ile aliyoiita ya risasi kumi na sita. Mwaka ule ya 1873 haikuwa imezaliwa, kwa hiyo ni ya 1866, yenye risasi ya .44 Henry na greni 28 hivi za baruti nyeusi. Fataki yake ilikaa kwenye ukingo wa kitako cha ganda, na ganda la namna hiyo halijazwi tena: ukishapiga, umetupa. Ile ya 1873 ilikuja na fataki katikati, ya kung'oa na kubadilisha, na ndiyo maana leo shemeji anaweza kukaa mezani akajaza. Baruti nyeusi hiyohiyo ilibebwa na misafara kutoka pwani hadi Ujiji, na watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa, walipopanda nayo Ziwa Tanganyika kuja kwetu, mfalme wetu Mwami Mwezi Gisabo aliwazuia. Kumbe hiki kinachonuka vidoleni mwangu ni kipande cha historia ya ziwa letu!

Basi uchague ipi? Angalia herufi F kwenye kopo: zikizidi, chembe ni ndogo zaidi na zinaungua haraka zaidi. FFg imenipendeza kwenye bunduki, mshindo wake ni mzito na wa taratibu. FFFg inafaa bastola ya .45 Colt, kali kidogo, inachangamka. Ya Uswisi iitwayo Swiss inasifiwa kwa nguvu na usafi, na bei yake inajua hilo. Goex ya Marekani ndiyo ya kila siku.

Masizi yapo, tena mengi, na yanavuta unyevu. Ukilala bila kusafisha, kutu inaanza. Lakini maji ya moto na sabuni yanatosha, jioni ileile. Kichwa cha risasi kipakwe nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama ili masizi yabaki laini. Na .44-40 ina zawadi yake hapa: shingo ya ganda ni nyembamba, inatanuka na kuziba chemba, hivyo uchafu haurudi nyuma kuziba mitambo. Ganda la .45 Colt ni nene zaidi, na ndani ya bunduki ya aina hii linaacha masizi mengi.

Uamuzi wangu ni huu: kwa Winchester ya .44-40, FFg nyeusi, ganda lijae, kichwa kiibane. Asiyependa kuosha bunduki siku ileile achukue Trail Boss akiipata. Na mwenye bunduki ya asili ya karne ya 19, si nakala, asiitie kabisa baruti isiyo na moshi, hata akiapiwa kuwa haina neno.