Shika Hozi ya Chini

Siku hizi madereva wa Singida wana namna moja ya kumsifu fundi, nami nimechoka kuisikia: "Yule jamaa mkali, gari halipandi moto kabisa!" Mshale wa joto umelala chini kutoka mjini mpaka Manyoni, na mwenye gari anapita stendini akitangaza gereji. Hiyo si kazi nzuri. Hapo themostati imeng'olewa ikatupwa, na feni imefungwa dairekti, inazunguka tangu unapowasha.

Injini imeumbwa iwe ya moto. Themostati ya Toyota nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 na kumaliza karibu na 95. Injini isipofika huko, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limeamka na inazidisha petroli. Unyevu haukauki kwenye oili, oili inageuka tope. Na moto wa kawaida si ugonjwa. Umefika mwisho wa safari, boneti inaunguza kiganja, vyuma vinalia vikipoa, na ukiwasha tena baada ya dakika chache mshale umepanda kidogo: gari ni zima. Pampu ya maji ilisimama ulipozima, chuma kikaendelea kuyapa joto maji yaliyotulia. Kwa baadhi ya magari hata feni kuendelea kidogo ukishazima ni kawaida.

Asiyejua hutazama mshale tu. Kumbe kwenye magari mengi mshale umetengenezwa usimame katikati hata joto likipishana nyuzi nyingi, na matapeli wanalijua hilo. Nimeona gari la kuuzwa lililochomekewa rezista kwenye waya wa sensa, mshale usipande kamwe.

Anayejua hushika hozi ya chini ya rejeta. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, washa uiache isailensi, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta. Mshale utaanza kupanda, hozi ya juu nayo inaweza kuanza kupata uvuguvugu, lakini ya chini lazima ibaki baridi, ile baridi ya alfajiri ya Singida mwezi wa saba. Usiwe na haraka. Injini ikishaiva, ya juu itashika moto mara moja, kisha joto litashuka hadi chini ya kiganja chako. Hapo themostati imefunguka. Hozi zote mbili zikipata joto polepole kwa pamoja tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi, hata fundi aape. Ukitoka safari ndefu, ya juu isishikike, ya chini uivumilie kwa sekunde chache. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya rejeta. Ya chini ikiwa baridi huku injini inaungua, rejeta imeziba au themostati haifunguki. Chunga vidole, feni ya umeme hujiwasha yenyewe.

Mzee aliyenifundisha hakufunga themostati, hata mpya, bila kuitumbukiza kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, imening'inia kwa waya, kipimajoto pembeni. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 95, kwa hiyo sufuria ilimtosha. Mfuniko wa rejeta nao aliuheshimu: ukiwa mzima, shinikizo lake hupandisha kiwango cha kuchemka kupita 115. Leo nani ana subira hiyo?

Wanaong'oa themostati wajue kwamba kwenye Toyota nyingi ndiyo pia huziba njia ya pembeni injini ikipata moto. Ukiiondoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye tambarare huoni kitu. Panda mlima wa Sekenke kutoka Shelui na mzigo, ndipo gari linachemsha na hedi inapinda. Enzi za barabara ya vumbi, utingo alikuwa na debe la maji, na dereva akifika juu aliiacha injini isailensi kwanza ndipo azime. Sasa wanazima hapo hapo.

Mengine kwa ufupi. Toyota iwekwe kulanti inayotajwa kwenye kitabu chake, usifuate rangi tu. Maji ya kisima, hapana, yanaacha magadi kwenye mirija. Gereji inayoosha injini kabla ya kukukabidhi gari huenda inaficha uvujaji.

Kabla hujamlipa fundi, weka alama ya kalamu kwenye tenki la akiba gari likiwa la baridi. Baada ya safari maji yawe yamepita alama; kesho asubuhi yawe yamerudi palepale. Yakibaki juu na hozi ikanywea, mfuniko umekufa. Yakipungua kila siku bila tone chini ya gari, dai gasketi ya hedi ikaguliwe.