Soya Kuwa Nyama: Joto na Wakati Wake

Jijini Mwanza, kama katika miji mingi ya Tanzania, soya imezoeleka kwanza kama kiungo cha unga wa lishe, ambao hupatikana kwa kukaanga punje zake na kuzisaga pamoja na mahindi, ulezi au karanga kwa ajili ya uji wa watoto. Kutokana na mazoea hayo, mpishi anayetaka kutengeneza nyama ya soya nyumbani huelekea kuanza na unga huohuo, na matokeo yake ni donge linalovunjikavunjika, lisiloshikana hata likitiwa maji kidogo kidogo na kukandwa kwa bidii. Kasoro haiko mkononi mwa mpishi. Iko kwenye kikaango kilichotangulia.

Punje kavu ya soya ina protini ya takriban asilimia 36 hadi 40 na mafuta yanayokaribia asilimia 20. Katika punje mbichi, sehemu kubwa ya protini hiyo imejikunja na huweza kuyeyuka katika maji. Joto huikunjua, na protini zilizokunjuliwa hunasana na majirani zake. Punje inapokaangwa ikiwa kavu, kunasana huko hutokea ndani ya punje yenyewe, ambamo protini zimebanana, kiasi kwamba unga unaotokana nayo hauna tena nguvu kubwa ya kuyeyuka wala ya kushika vitu vingine. Kwa uji jambo hilo halina madhara, lakini kwa nyama ya soya ni sawa na kutumia saruji iliyokwisha kuganda mfukoni.

Viwanda hukwepa tatizo hili kwa kuleta joto, maji na msukumo kwa wakati mmoja. Soya hukamuliwa mafuta bila kuunguzwa, ikasagwa, kisha unga wake wenye unyevu husukumwa na parafujo ndani ya mtungi wa chuma wenye joto linaloweza kuzidi nyuzi 140 za selisiasi. Protini hukunjuka huku zikivutwa upande mmoja, na zinapotoka kwenye tundu jembamba mvuke hufumuka ghafla na kuacha kipande chenye nyuzinyuzi na vishimo. Hataza ya mbinu hii alipewa William Atkinson wa kampuni ya Archer Daniels Midland nchini Marekani mwaka 1970. Vipande vikavu vya namna hiyo, ambavyo vina protini inayofikia nusu ya uzito wake, ndivyo vinavyouzwa madukani kwa jina la nyama ya soya.

Jikoni hakuna parafujo ya namna hiyo, na hapo ndipo uchambuzi wa upishi wa nyumbani unapopaswa kuanza: joto linaweza kupatikana, msukumo hauwezekani, hivyo nyuzinyuzi ni lazima zitafutwe kwingine.

Njia ya kwanza hupitia maziwa ya soya. Kilo moja ya punje huloweshwa usiku kucha, humenywa maganda, kisha husagwa kwa maji yaliyotoka kuchemka, ili mchanganyiko usishuke chini ya nyuzi 80, kwa maana chini ya hapo kimeng'enya kiitwacho lipoksijenezi hukutana na mafuta na kuzaa ile harufu ya maharage mabichi inayowakimbiza walaji wengi. Tui hilo, lenye maji ya jumla ya lita 8 hadi 10, huchujwa na kuchemshwa tena, kwa sababu soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, yaani kemikali zinazozuia tumbo kuvunjavunja protini. Kwa kuwa Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi kama 96 tu, hivyo ni busara kuyaacha maziwa hayo motoni kwa dakika 20 hadi 30 badala ya kuyaepua mara yanapofura. Protini hukunjuka hapa pia, lakini zimetawanyika katika maji mengi, hivyo huendelea kuelea hadi maji ya ndimu au siki yanapozikusanya kuwa mabonge, ambayo hukamuliwa kitambaani na kukandamizwa kwa uzito.

Jibini la soya linalopatikana hivyo ni laini mno kuitwa nyama. Linalolibadilisha ni barafu: likigandishwa polepole, maji yake hujenga fuwele kubwa zinazosukuma protini pembeni na kuzibana kuwa kuta, na likiyeyushwa na kukamuliwa hubaki na umbo la sifongo linalotafunika na kunyonya mchuzi. Katika jiji ambamo majokofu ya kugandisha yamejaa sangara na sato, hatua hii haihitaji kifaa kipya.

Njia ya pili huazima nyuzi za ngano. Donge la unga wa ngano likikandwa, likaachwa majini na kuoshwa hadi wanga utoke, hubaki gluteni, protini inayovutika, ambayo huchanganywa na soya iliyochemshwa na kusagwa, kisha hufungwa na kupikwa kwa mvuke. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi katika mikoa ya Mwanza na Mara, wana urithi wa karibu na mbinu hii, ingawa si wote wasiokula nyama: daktari John Harvey Kellogg, aliyeongoza hospitali yao ya Battle Creek huko Michigan, alitengeneza kwa gluteni na karanga kitoweo cha kuchukua nafasi ya nyama kilichoitwa Protose. Mchanganyiko wa soya na ngano una faida nyingine, kwani, kati ya asidi amino zinazounda protini, soya ina lisini nyingi na methionini kidogo, na ngano ni kinyume chake.

Vipande vya kiwandani navyo huhitaji maarifa yaleyale ya maji na joto. Huchemshwa kwa maji ya chumvi, hukamuliwa mpaka maji yenye harufu yaishe, na hukaangwa hadi viwe vya kahawia kabla ya kutiwa katika mchuzi wa nyanya na karanga. Wanaovitia mchuzini vikiwa bado vimejaa maji hupata ladha ya maji, kwa kuwa hakuna nafasi iliyobaki ya kupokea kitu kingine. Hata vikipikwa vyema, havina vitamini B12 isipokuwa kiwanda kimeiongeza, hivyo kwa mtoto wa pwani ya ziwa kitoweo hiki hakiwezi kuchukua nafasi ya dagaa bila vitamini hiyo kutafutwa kwenye maziwa, mayai au chakula kilichorutubishwa.