Mikono Isiyofasiriwa: Uhakiki wa Bharatanatyamu katika Sherehe za Mahekalu ya Kihindu Jirani na Owino, Kampala

Katika uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili tumezoea kuuliza maswali matatu kabla ya kuupima uzuri wa tendo: fanani ni nani, hadhira ni nani, na tukio lenyewe ni lipi. Makala haya yanayapeleka maswali hayo mahali ambapo hayajazoeleka, yaani kwenye sherehe za mahekalu ya Kihindu ya katikati ya Kampala, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Owino, pale wasichana wanapocheza bharatanatyamu wakati wa Diwali au Navaratri. Hoja yangu ni kwamba dansi hii, inapofupishwa ili itoshee ratiba ya sikukuu, hukatwa mahali pasipostahili, na kwamba mkato huo unawahusu watunga sera kuliko wanavyodhani.

Kwanza tuitofautishe na garba. Wagujarati, ambao tangu enzi za dukawala ndio kundi kubwa miongoni mwa Wahindi wa Uganda, huadhimisha Navaratri kwa garba: watu huzunguka taa au sanamu ya mungu mke, wakipiga makofi na kuimba. Hapo fanani na hadhira ni wale wale. Anayechoka hukaa pembeni, anayepumzika hurudi. Bharatanatyamu ni jambo jingine. Ni sanaa ya Watamil wa kusini mwa India, huhitaji miaka mingi ya mafunzo, na humtenga mchezaji mmoja mbele ya macho ya wengi. Kuiweka jukwaani katika hekalu linaloendeshwa zaidi na watu wa Gujarati ni uteuzi, na kila uteuzi wa sanaa una sababu yake. Kwa maoni yangu, sababu hapa ni heshima: garba huonekana kuwa furaha ya nyumbani, ilhali bharatanatyamu huonekana kuwa ustaarabu wa kuonyeshwa wageni.

Washereheshaji hupenda kusema kwamba dansi hii imedumu hekaluni kwa maelfu ya miaka bila kubadilika. Historia haikubaliani nao. Ilipoitwa sadiri, ilichezwa na wanawake walioitwa devadasi katika mahekalu na majumba ya wafalme wa kusini. Wakati wa ukoloni, wanamageuzi waliwaita wanawake hao makahaba. Katika miaka ya 1930 wakili E. Krishna Iyer aliitetea sanaa yenyewe. Mwaka 1936 Rukmini Devi Arundale alianzisha chuo cha Kalakshetra huko Madras, na dansi ikahamia kwenye majukwaa ya mjini na mikononi mwa mabinti wa matabaka ya juu. Mwaka 1947 sheria ya Madras ilipiga marufuku kuwaweka wakfu wanawake kwa mahekalu. T. Balasaraswati, aliyetoka katika ukoo wa wenye sanaa hiyo, alipinga kuondolewa kwa mapenzi ya kimwili katika dansi eti ili itakaswe. Kwa hiyo msichana wa Kampala anayecheza mbele ya madhabahu anakirudisha hekaluni kitu kilichokwisha kuondolewa humo, kikasafishwa, na kupoteza wenyewe njiani.

Sasa tuje kwenye mkato. Bharatanatyamu ina pande mbili. Upande wa nrita ni mwendo mtupu: magoti yaliyokunjwa, nyayo zinazokita sakafu, njuga zinazojibu ngoma. Upande wa abinaya ni usimulizi wa mikono, macho na uso. Onyesho kamili huchukua takriban saa mbili, na moyo wake ni varnamu, kipande kirefu kinachounganisha pande zote mbili. Sikukuu haina saa mbili. Mchezaji hupewa dakika kumi baina ya hotuba na zawadi za watoto, na kinachosalia kwa kawaida ni alaripu ya kufungulia na tilana ya kufungia, yaani nrita. Abinaya huachwa kwa dhana kwamba wasioijua hadithi watachoka.

Dhana hiyo ni kinyume cha ukweli. Chukua wimbo wa Yashoda akimkemea mwanawe Krishna, mtoto mdokozi wa siagi. Mchezaji huyo huyo ni mama mwenye hasira, kisha ni mtoto anayekana huku midomo imepakaa siagi, kisha ni mama tena ambaye hasira yamtoka kabla hajaweza kumchapa. Ni muuzaji gani wa mitumba pale Owino, mwenye mtoto chini ya meza yake, atakayehitaji kusoma vitabu vya Sanskriti ili acheke? Kipande kinachofungua mlango ndicho kinachokatwa, na mgeni huachiwa mapambo na kasi ya miguu.

Muziki wa kurekodiwa unaongeza hasara. Katika utendaji kamili yuko manju anayeketi pembeni, akigonga matoazi na kutamka silabi za mapigo huku macho yake yakimfuata mchezaji. Hadhira ikiguswa, mchezaji hurefusha uso mmoja wa huzuni, na wapigaji humsubiri. Kinasa sauti hakimsubiri mtu.

Nje ya ukuta wa hekalu liko soko. Owino, ambalo jina lake rasmi sasa ni soko la Mtakatifu Balikuddembe, lilianzishwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini. Wengi waliorejea walirejea baada ya 1986, wakidai majengo yao. Aprili 2007, maandamano ya kuutetea msitu wa Mabira yaligeuka mjini Kampala kuwa hasira dhidi ya Waasia: Mhindi mmoja aliuawa na hekalu la Kihindu likashambuliwa. Sidai kwamba dansi ingezuia mawe. Nadai tu kwamba watu walioishi kwa ujirani wa miaka mingi hivyo wana haki ya kujua majirani wao husema nini wanapoinua mikono.

Katika sheria, suala bado liko wazi. Jedwali la Tatu la Katiba ya 1995 linaorodhesha jamii zilizokuwamo Uganda kufikia tarehe 1 Februari 1926, na Wahindi hawamo, ingawa ujenzi wa reli uliowaleta maelfu yao Afrika Mashariki ulianza mwaka 1896. Kenya iliwatambua Waasia wake kuwa kabila la 44 mwaka 2017. Ibara ya 37 ya Katiba ya Uganda inampa kila mtu haki ya kudumisha utamaduni wake, kwa hiyo ruhusa ya kucheza ipo. Hatari ni kwamba washauri wa sera wataichukua dakika kumi ya nrita, waiweke katika gwaride la kitaifa, na kuandika kwamba uanuwai umehudumiwa.

Mfano bora uko Kampala kwenyewe. Kundi la Ndere la Stephen Rwangyezi limewazoesha watazamaji kuelezwa, kwa masimulizi na utani, kila ngoma inatoka wapi na ina maana gani, na watazamaji hawapungukiwi na starehe. Hekalu linaweza kufanya vivyo hivyo kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba iliitambua mwaka 2005 kuwa rasmi ya pili, na ambayo Baraza la Mawaziri liliidhinisha Julai 2022 ifundishwe kwa lazima shuleni. Pwani ilikwisha kuonyesha njia: Juma Bhalo wa Mombasa aliimba taarabu ya Kiswahili kwa lahani za filamu za Kihindi, na hakuna aliyehitaji cheti cha uraia wa lahani hizo.

Wapo watakaosema kwamba ibada si maonyesho na kwamba mfasiri ataivunja. Pingamizi hili ni zito pale dansi inapochezwa mbele ya madhabahu wakati wa sala. Lina uzito mdogo katika ukumbi wa sherehe, ambamo tayari yuko msemaji mwenye kipaza sauti akiwashukuru wafadhili kwa Kiingereza.

Istilahi, kwa sehemu kubwa, tunazo. Njuga zimo katika lugha yetu, na Wanyoro na Watooro wana runyege, ngoma iliyopewa jina la manyanga yanayofungwa miguuni. Manju tunaye, matoazi tunayo, mdundo upo. Ugumu uko kwenye abinaya. “Uigizaji” unafaa kwa tamthilia, ambamo mtu mmoja ni mhusika mmoja; “ishara” linataja mkono na kuusahau uso. Mapendekezo yangu ya muda ni “usimulizi wa mwili”, na ningependa kamati ya istilahi ya Baraza la Kiswahili la nchi yoyote kati ya zetu ilijadili mbele ya mchezaji, naye akiwa anacheza.