Mng'ao wa kioo cha mbele hutibiwa kwenye dashibodi

Gari tunalolichambua ni dogo, la Kijapani, lenye dashibodi ya rangi ya krimu. Dereva wake hupita mara kwa mara kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Shida yake ni kwamba kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kioo cha mbele hujaa weupe. Barabara iliyo juani anaiona vizuri. Asichokiona ni kilichomo kivulini, yaani mtu anayevuka chini ya mwembe, shimo, au baiskeli iliyosimama pembeni. Wenzake walimshauri aweke tinti, anunue miwani nyeusi zaidi, hata abadilishe kioo. Yote hayo yangemlia fedha na weupe ungebaki palepale.

Weupe ule ni picha ya dashibodi. Kioo cha gari la kisasa hulazwa ili kipasue upepo kwa wepesi na kuokoa mafuta. Katika magari mengi kimeinuka kama nyuzi 30 tu kutoka mlalo. Mstari wa jicho la dereva unakwenda mbele, unakigusa kioo, na sehemu yake inayoakisiwa inainama nyuzi 60 kwenda chini hadi juu ya dashibodi. Maana yake, kila anapotazama barabara anatazama na dashibodi kwa wakati uleule, moja juu ya nyingine. Kwenye Land Rover za zamani, ambazo kioo chake kimekaribia kusimama wima, mstari huo unarudi nyuma kwenye kifua cha dereva na viti, mahali ambapo paa limetia kivuli. Ndiyo maana madereva wa magari yale hawakuijua sana kero hii.

Ulazo huo una madhara ya pili. Mwanga ukikigonga kioo uso kwa uso, nyuso zake mbili kwa pamoja huurudisha kama asilimia 8. Ukikigonga kwa mshazari wa nyuzi 60 kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo, kinachorudi ni asilimia 13 hadi 15. Kiasi hicho kinaonekana kidogo mpaka ukipigie hesabu. Jua la adhuhuri hapa kwetu hushusha kama laksi 100,000, na kioo kikipitisha asilimia 70, dashibodi inapata laksi 70,000. Rangi ya krimu hurudisha kama asilimia 40 ya mwanga huo. Ukikokotoa mpaka mwisho, kioo kinamrudishia dereva zaidi ya kandela 1,100 kwa kila mita ya mraba, ilhali lami iliyo chini ya mwembe, ikitazamwa kupitia kioo hichohicho, haifiki kandela 200. Mtu aliyesimama pale hajafichwa na giza. Amefunikwa na mwanga unaozidi wake zaidi ya mara tano.

Tinti haiokoi jahazi. Inapunguza mwanga wa barabara, na inapunguza pia jua linaloangukia dashibodi, kwa hiyo uwiano kati ya picha mbili unabaki karibu vilevile, na usiku dereva anabaki na kioo cheusi kisicho na faida yoyote. Miwani nyeusi ya kawaida ina kasoro ileile. Kinachotakiwa ni kupunguza picha moja bila kuigusa nyingine.

Kabla ya kununua chochote, kilifanyika kipimo ambacho kila dereva anaweza kukifanya. Gari liliegeshwa juani saa sita, likielekezwa kwenye kivuli cha mti, na sweta jeusi likatandazwa kwenye nusu ya dashibodi. Juu ya sweta, kivuli kilionekana wazi hadi mizizi ya mti. Upande wa pili palikuwa na weupe mtupu. Palipofunikwa palibaki ukungu hafifu na mistari myembamba ya mviringo, na hayo ni matatizo ya kioo chenyewe, tutayafikia.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuondoa polishi. Waosha magari wengi hupaka silikoni kwenye dashibodi kama zawadi kwa mteja, nami naomba kwa moyo wote desturi hiyo ife. Plastiki iliyotengenezwa kwa uso usiong'aa inageuzwa kuwa kioo cha pili. Jua likiwa mbele ya gari kwa urefu wa nyuzi 60 hivi, linaakisiwa na ile polishi, linapanda kwenye kioo, na kutua machoni. Kwa anayetoka Morogoro kuelekea mashariki, hilo hutokea kama saa nne na nusu asubuhi. Kwa anayekwenda Morogoro kutoka Dar es Salaam, kama saa nane na nusu mchana. Kizuia jua cha juu ya kioo hakifai kitu hapo, kwa sababu mwanga unatoka chini. Maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kitambaa, na kurudia mpaka vidole visiteleze, vilitosha.

Kisha kitambaa. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Plastiki ya kijivu iliyoiva hurudisha kama asilimia 6 ya mwanga, na hesabu ileile inatoa kandela 170 na kitu, karibu sawa na lami ya kivulini. Nafuu kubwa, lakini bado nusu ya anachokiona dereva pale ni dashibodi. Mahameli nyeusi nzuri hurudisha kama asilimia 1, na weupe unashuka hadi chini ya kandela 30. Siri yake ni nyuzi zilizosimama: mwanga unaingia katikati yake, unagonga uzi mmoja hadi mwingine, na kila mgongano unanyonya sehemu. Marubani wanaujua ukweli huu, na ndiyo maana sehemu ya juu ya dashibodi ya ndege hufanywa nyeusi isiyong'aa.

Si kila mahameli inafaa. Ile ya poliyesta ya bei nafuu huwa na mng'ao wa hariri, hivyo dukani kitambaa kilishikwa kimshazari chini ya jua, kilichopauka kiliachwa. Mafundi cherehani wanajua pia kwamba mahameli ina mwelekeo, na kipande kilekile kinaiva au kupauka ukikigeuza. Basi kabla ya kukata, dereva alikaa kwenye kiti chake akatazama kwenye kioo huku mwenzake akikizungusha kitambaa, mpaka ukapatikana upande mweusi kuliko mwingine. Kilipasuliwa matundu ya hewa ya kuondoa ukungu na tundu la kitambuzi cha mwanga. Eneo la mfuko wa hewa wa abiria liliachwa wazi kabisa, kwani mfuko huo hufumuka kwa nguvu na hautakiwi kuzuiwa na chochote. Kingo zilishikwa kwa velkro, kitambaa kisije kikateleza kuelekea miguuni.

Sehemu ile iliyoachwa wazi ndiyo iliyoleta hoja ya miwani ya polaroidi. Mwaka 1808 huko Paris, Étienne-Louis Malus alitazama jua lililoakisiwa na madirisha ya kasri la Luxembourg kupitia kipande cha fuwele, akagundua kwamba mwanga ulioakisiwa na kioo una tabia yake. David Brewster aliweka kanuni ya tabia hiyo mwaka 1815. Kwa kioo cha kawaida, kwenye pembe ya nyuzi 57 hivi, mwanga wote unaorudi unatikisika kimlalo. Kioo cha gari letu kiko kwenye nyuzi 60, karibu mno na hapo. Miwani ya polaroidi huzuia mtikisiko wa mlalo, hivyo inafuta picha ya dashibodi na kuiacha barabara ionekane, ingawa imefifia. Edwin Land, aliyeanza kuombea hataza karatasi yake ya kupolarisha, asili ya miwani hii, mwaka 1929, alikuwa akiwaza mng'ao wa taa za magari yanayokutana usiku.

Miwani bandia inatambulika papo hapo: ishike mbele ya kioo cha gari na uizungushe robo duara. Kama weupe hauji na kuondoka, hiyo ni plastiki nyeusi tu. Hata ile halali haivaliwi usiku, na inaweza kuzima baadhi ya skrini za gari.

Ukungu uliobaki ulikuwa utando wa mafuta yanayovukizwa na plastiki za ndani kila gari linapochemka juani. Ulitoka kwa spiriti na vitambaa viwili, cha kufutia na cha kukaushia, na utarudi, kwa hiyo ufutaji unarudiwa. Ile mistari ya mviringo ilikuwa mikwaruzo ya waipa zilizosaga mchanga kwenye kioo kikavu. Jua likiwa usawa wa macho jioni, inawaka yote. Kwa mikwaruzo hiyo tu, dereva atahitaji kioo kipya.