Dhahabu, Chumvi na Shujaa: Kuanguka kwa Ghana na Kuinuka kwa Mali

Kitabu cha D.T. Niane juu ya Sundiata, kilichotolewa kwa Kifaransa mwaka 1960, kinastahili sifa. Wakoloni walidai kwamba Afrika haikuwa na dola. Niane aliwajibu kwa sauti ya malenga wa Guinea, Mamadou Kouyaté. Lakini kada anayekisoma hana budi kuuliza: malenga huyu anamsemea nani?

Ukoo wa Kouyaté ni malenga wa kurithi wa ukoo wa Keita, yaani ukoo wa Sundiata mwenyewe. Si ajabu basi kwamba katika simulizi hili Sumanguru, mfalme wa Wasosso, anashindwa huko Kirina, yapata mwaka 1235, kwa mshale wenye kipi cha jogoo mweupe. Uchawi unashinda uchawi, na historia inakwisha hapo!

Tutazame msingi wa uchumi. Al-Bakri aliandika mwaka 1068 kwamba mfalme wa Ghana alitoza dinari moja ya dhahabu kwa kila punda aliyeingia na mzigo wa chumvi, na dinari mbili kwa kila mzigo uliotoka. Mfalme hakuchimba dhahabu wala chumvi, alikaa mlangoni. Machimbo ya Bure, karibu na mto Niger wa juu, yalipoanza kutoa dhahabu nyingi, misafara ilifuata njia nyingine za mashariki, na tabaka tawala la Ghana likabaki likilinda mlango usiopitwa. Uvamizi wa Waalmoravidi wa mwaka 1076, ambao vitabu vingi viliufanya sababu kuu, wanahistoria wengi sasa wanautilia shaka. Wasosso walirithi gofu. Wamande walikuwa jirani na machimbo.

Na mvuja jasho je? Ibn Battuta alipofika Taghaza mwaka 1352, zaidi ya miaka mia moja baada ya ushindi wa Sundiata, aliwakuta watumwa wakichimba chumvi iliyopelekwa Mali. Juu yao malenga wa Keita hana neno.

Yuko malenga mwingine, Wâ Kamissoko, mwenyeji wa Kirina hapohapo, ambaye masimulizi yake yalikusanywa na Youssouf Tata Cissé. Sumanguru wake si mchawi tu: ni mhunzi aliyetaka kukomesha biashara ya watumwa, na wakuu wa Mande wakamdharau.