Mapenzi Baina ya Wanawake Katika Michezo ya Awali ya Televisheni: Athari Zake kwa Watazamaji

UTANGULIZI

Sanaa huzaliwa katika jamii, kisha huirudia jamii hiyohiyo kuituliza au kuitikisa. Jambo hili limekwisha kusemwa na wahakiki wetu mara nyingi mno, hata limekuwa kama kiitikio ambacho watu hukiimba bila kuyafikiri maneno yake. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: sanaa huigusa jamii kwa njia gani? Je, ni tukio moja la kushtua ndilo linalombadilisha mtazamaji, au ni jambo lifanyalo kazi polepole, kama matone ya maji juu ya jiwe?

Katika makala hii tunakusudia kulijadili swali hilo kwa kuichunguza michezo ya awali ya televisheni ya Uingereza na Marekani iliyosimulia mapenzi baina ya wanawake. Tumeichagua michezo hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ilipigiwa kelele nyingi, na karibu kelele zote zilihusu busu. Pili, mawazo ya watu wa Uingereza juu ya jambo hilo yamepimwa kwa miaka mingi, kwa hiyo tunaweza kuzungumza juu ya athari tukiwa na tarakimu mkononi.

Maoni yetu ni kwamba busu halikuwa chimbuko la athari. Athari ilitokana na mambo mawili: muda ambao mtazamaji aliishi na mhusika kabla ya kuijua siri yake, na namna hadithi ilivyomalizwa.

WAHUSIKA WAPITA NJIA

Mwaka 1974 unafaa kuwa mwanzo wetu, kwa kuwa mwaka huo ulileta michezo miwili iliyotofautiana sana. Huko Marekani, mwezi wa Novemba, shirika la NBC lilionyesha sehemu moja ya mchezo wa upelelezi uitwao Police Woman. Katika sehemu hiyo, wanawake watatu wanaoendesha nyumba ya kutunzia wazee wanawaibia wazee hao na kuwaua, na mapenzi yao yanachorwa kama tawi la uovu huohuo. Wanaharakati wa kike wa New York walikwenda kulalamika katika ofisi za shirika hilo. Kihakiki, kasoro ya mchezo huu haikuwa kuonyesha mwanamke mwovu, kwani waovu wamo katika kila kundi la watu. Kasoro ni kwamba wahusika wake walikuwa bapa. Mtazamaji alikutana nao jioni moja, akaonyeshwa hatia yao, akaona wamekamatwa, akazima televisheni yake akiwa anaamini kwamba sasa anawajua watu wa namna hiyo.

Mwezi wa Februari mwaka huohuo, huko Uingereza, kituo cha BBC2 kilikuwa kimeonyesha mchezo mfupi wa nusu saa uitwao Girl, ulioandikwa na James Robson. Wanaohusika ni askari wawili wa kike, Jackie na Chrissie, walioigizwa na Alison Steadman na Myra Frances. Jackie ana mimba na anaondoka jeshini. Kabla hajaondoka, wawili hao wanaagana na kuyakumbuka mapenzi yao. Busu lao hutajwa kuwa la kwanza baina ya wanawake katika televisheni ya Uingereza. Mgogoro wake ulikuwa wa kweli, kwa kuwa jeshi la nchi hiyo liliendelea kuwafukuza askari wa aina hiyo hadi mwaka 2000. Hapa wahusika wana uzito na majonzi ya kibinadamu. Hata hivyo, nao ni wapita njia: nusu saa ilipokwisha, walitoweka.

Baadaye lilizuka tatizo la namna nyingine, nalo ni la biashara. Mwezi wa Februari 1991, mchezo wa Marekani uitwao L.A. Law ulionyesha wanasheria wawili wa kike wakibusiana. Yafaa ieleweke kwamba mwezi wa Februari ni mmojawapo wa miezi ambayo watazamaji wa Marekani huhesabiwa ili kupanga bei ya matangazo ya biashara. Mapenzi hayo hayakukuzwa wala kupewa mizizi katika hadithi, na katika miaka iliyofuata michezo mingine ilifanya vivyo hivyo. Busu likawa bidhaa ya dirishani: watu husimama, hutazama, huzungumza kidogo, kisha huenda zao.

SHULE ILIPONYAMAZA

Ili tuelewe uzito wa michezo iliyofuata, hatuna budi kuitazama hali ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980. Uchunguzi wa maoni unaofanywa karibu kila mwaka nchini humo ulionyesha kwamba mwaka 1987, wakati hofu ya UKIMWI ilipotanda, asilimia 64 ya watu waliohojiwa walisema kwamba mapenzi ya jinsia moja ni makosa siku zote. Mwaka 1988 ilipitishwa sheria iliyozikataza serikali za mitaa kuyaendeleza mapenzi hayo. Tarehe 23 Mei mwaka huo, baadhi ya wanawake walioipinga sheria hiyo waliingia kwa nguvu katika studio ya BBC wakati taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni ikisomwa, na watazamaji wakasikia makelele yao nyuma ya sauti ya msomaji.

Jambo linalowahusu walimu ni hili. Sheria ile ilizilenga serikali za mitaa, wala haikumtaja mwalimu aliyesimama mbele ya darasa. Lakini walimu wengi waliona ni salama zaidi kunyamaza. Msichana wa shule aliyekuwa na swali lake hakuwa na wa kumwuliza, na aliyechekwa na wenzake hakuwa na wa kumtetea. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 2000 huko Scotland, na hadi mwaka 2003 katika England na Wales. Katika ukimya huo wa miaka mingi, televisheni ilikuwa miongoni mwa sauti chache zilizosikika sebuleni, tena mbele ya wazazi na watoto pamoja.

Mwezi wa Januari 1990, BBC ilionyesha kwa sehemu tatu mchezo wa Oranges Are Not the Only Fruit, ambao Jeanette Winterson aliuandika kutokana na riwaya yake ya mwaka 1985. Ni hadithi ya Jess, msichana aliyelelewa na mama wa kupanga, mshika dini mkali wa Lancashire. Jess anapompenda msichana mwenzake, kanisa linamfanyia maombi ya kumtoa pepo. Ustadi wa mchezo huu umo katika mpangilio wake. Sehemu ya kwanza inamwonyesha Jess akiwa mtoto, na tunacheka pamoja naye kwa vituko vya mama yake. Mapenzi yanapokuja, sisi tumekwisha kuwa jamaa zake.

JIRANI WA BROOKSIDE CLOSE

Mfano ulio mkubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni Brookside. Mchezo huu wa mfululizo ulibuniwa na Phil Redmond, ukaanza siku ileile ambayo kituo cha Channel 4 kilianza kutangaza, yaani tarehe 2 Novemba 1982. Haukuchezwa mbele ya kuta za mbao za studio, bali katika nyumba za kweli zilizonunuliwa katika kitongoji cha Liverpool. Kufikia miaka ya 1990, watazamaji waliingia katika nyumba hizo mara tatu kwa wiki.

Mwaka 1993 ilihamia hapo familia ya Jordache: mama aitwaye Mandy, na binti zake Beth na Rachel. Baba yao, Trevor, alikuwa mtu katili aliyempiga mkewe na kumdhulumu binti yake. Hatimaye mama na Beth walimwua na kumzika nyuma ya nyumba. Mwanzoni mwa mwaka 1994, Beth, aliyeigizwa na Anna Friel, alimbusu rafiki yake Margaret. Hili lilikuwa busu la kwanza la aina hiyo kuonyeshwa katika televisheni ya Uingereza kabla ya saa tatu usiku, yaani wakati ambao watoto huhesabiwa kuwa bado wanatazama.

Magazeti yaliliandika busu. Lakini tukiichambua fani ya mchezo huo, tunaona kwamba busu lilikuwa tunda la mti uliopandwa zamani. Mtazamaji alikuwa amemwona Beth akimkinga mdogo wake. Alikuwa ameogopa pamoja naye kila mlango ulipogongwa. Alikuwa amemhukumu na kumsamehe kwa jambo zito kuliko mapenzi. Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Basi mtazamaji huyu alikuwa tayari anamjua. Mzazi aliyetaka kumlaani Beth ilimbidi amlaani mtu ambaye kwa miezi mingi alikuwa amemwombea heri.

Huko Marekani jambo hilohilo lilithibitika tarehe 30 Aprili 1997. Ellen DeGeneres alikuwa amewachekesha watazamaji katika mchezo wake tangu mwaka 1994. Usiku huo mhusika wake alitamka kwamba anawapenda wanawake, na watu wapatao milioni 42 walitazama. Kituo kimoja cha Birmingham, Alabama, kilikataa kuionyesha sehemu hiyo, na watu wa mji huo wakakusanyika ukumbini ili waitazame kwa njia ya setilaiti. Watu hawakusanyiki hivyo kwa ajili ya mgeni.

Je, tunaweza kudai kwamba michezo hii ndiyo iliyoyabadili mawazo ya watu? Hapa mhakiki apunguze mwendo. Sisi Watanzania tunao mfano mzuri wa namna ya kupima. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati, ambamo mlikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, ulianza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Hadi mwaka 1995 haukurushwa na mtambo wa Dodoma, na kwa hiyo wachunguzi waliweza kuwalinganisha waliousikia na wasiousikia. Hakuna Dodoma katika habari ya Brookside. Tunachojua ni kwamba ile asilimia 64 ya mwaka 1987 ilikuwa imeshuka hadi 22 mwaka 2012. Sheria, harakati za wananchi na ujasiri wa watu waliojitambulisha kwa jamaa zao vyote vilichangia. Televisheni ilikuwa mkono mmoja kati ya mikono mingi.

HADITHI INAPOKWISHA

Athari ya pili iko katika mwisho wa hadithi, nayo haikuwa njema. Mwaka 1995 Beth Jordache alifia gerezani kwa ugonjwa wa moyo, tena bila kifo chake kuonyeshwa. Mwaka 2002, katika mchezo wa Marekani wa Buffy the Vampire Slayer, Tara aliuawa kwa risasi mara tu baada ya kupatana na mpenzi wake Willow. Watazamaji wengi waliomboleza na kukasirika.

Huenda mtu akasema kwamba mtunzi ana uhuru wake, na kwamba hata Juliet wa Shakespeare alikufa. Ni kweli. Lakini Juliet ni mmoja kati ya maelfu ya wapenzi wa hadithi, ambao wengi wao huoana na kulea watoto. Mtazamaji akiona wawili tu wa aina yake katika miaka kumi, na wote wawili wakafa, hajaona tanzia, ameona hukumu. Mhusika akizoeleka kwa uzito ule tulioueleza, mazoea hayohayo huuongezea kifo chake makali.

Suala la mwisho wa hadithi limefika hata Afrika Mashariki. Tarehe 27 Julai 2012, busu la Beth na Margaret lilionekana kwa kitambo kidogo katika sherehe za kufungua Michezo ya Olimpiki ya London, zilizorushwa duniani kote. Kisha mwaka 2018 mtengenezaji filamu wa Kenya, Wanuri Kahiu, alitoa filamu ya Rafiki, iliyotokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Bodi ya filamu ya Kenya iliipiga marufuku mwezi wa Aprili. Mwezi wa Septemba Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi za Nairobi zikajaa. Kahiu alieleza kwamba alikuwa ametakiwa aubadili mwisho, kwa sababu ulibeba matumaini mno na majuto kidogo, naye akakataa. Bodi na msanii walitofautiana karibu katika kila jambo, lakini walikubaliana katika moja: wote walijua kwamba ujumbe hukaa mwishoni.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba tukio la kushtua huzaa mazungumzo ya juma moja, ilhali mazoea huzaa ujirani. Mwalimu anayefundisha uhakiki anaweza kuwauliza wanafunzi wake maswali matatu juu ya mchezo wowote unaodai kumwonyesha mtu anayedharauliwa katika jamii, awe kijakazi, mlemavu, mgeni au mtu wa kabila jingine. Tumekaa na mhusika huyu kwa muda gani kabla ya kuambiwa tumhukumu? Je, ana kazi, jamaa na ucheshi, au ana siri yake tu? Na hadithi inapokwisha, nani ameachwa hai?

Maswali haya hayamlazimishi mwanafunzi awe na maoni ya mwalimu wake. Yanamtaka aone kwanza, ndipo aseme. Watazamaji wa Brookside Close walipewa muda wa kuona. Wasichana waliokuwa wakitazama wakiwa kimya pembeni mwa sebule walipewa, kwa muda mfupi, mtu wa kufanana naye. Kisha akafa. Faida ile na hasara ile zote ni kazi ya sanaa, na mhakiki anayeihesabu moja bila ya pili hajamaliza kazi yake.